Usikiokote, kichutamie: namna ya kusoma kigae cha zamani

Kwa miaka 23 nimekuwa nikivusha watu kutoka Shela, kisiwani Lamu, kwenda Takwa, magofu ya mji wa kale ng'ambo kisiwani Manda, kwa mashua yenye mashine ndogo. Nimebeba watafiti, watoto wa skuli, na maharusi waliotaka picha penye magofu. Karibu wote wakishuka hufanya jambo moja. Hata hawajafika penye ukuta wa mji, mtu kashainama, kaokota kigae, yaani kipande cha chombo cha kale kilichovunjika, kakipangusa kwenye suruali, kakigeuza mara mbili, kisha kakitupa kichakani au kakitia mfukoni. Hapo ashaipoteza nusu ya habari, na hajui.

Basi nawaandikia hao, na vijana wetu pia, maana wao ndio waokotaji wakubwa.

Kwanza maji. Takwa unaingia kwa mkondo wa mikoko, na mkondo ule hupitika maji yakijaa tu. Siku za maji mafu unaweza kukaa matopeni ukihesabu kaa. Muulize nahodha wako siku za bamvua, na umwombe akufikishe jua likiwa bado chini, asubuhi au alasiri, kwa sababu jua la kando huonyesha michoro ambayo jua la utosini huifuta. Mvua ikiwa imenyesha usiku, bora zaidi: mchanga umeoshwa na vigae vimejitokeza vyenyewe.

Ukikiona, usikiokote. Chutama. Kipige picha hapo hapo kilipo, na uweke ufunguo au sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane. Inua macho: kipo wapi? Ndani ya nyumba, kando ya kisima, karibu na kaburi, au kwenye ukingo uliomomonyoka? Penye ukingo, cha chini kwa kawaida kina umri kuliko cha juu. Kule Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba kuanzia mwaka 1980 alikuta misikiti imejengwa mmoja juu ya mwingine, na ile ya chini kabisa ilikuwa ya miti, ya karne ya 8. Bila ule mpangilio wa juu na chini, pangebaki lundo la mawe na vipande tu.

Ukiwa msikitini na hujui upande, tafuta kaskazini. Kwetu Lamu kaskazini na kibla vinakaribiana sana, kwa hiyo ukuta wenye mihirabu utaupata bila dira.

Sasa kigae chenyewe. Watu wote hukimbilia rangi na maua. Mimi nakwambia anza na mvunjiko, yaani ule ukingo uliokatika, kwa sababu maua huigwa lakini udongo hauigwi kirahisi. Ukingo ukiwa mweusi katikati na kahawia pande mbili, una chembe za mchanga ndani, hicho ni chungu chetu cha hapa hapa, kilichochomwa kwa moto wa wazi. Usikidharau! Vingi utakavyoviona ni hivyo. Kikiwa na pembetatu zilizochorwa kwa ncha shingoni, huenda umekutana na mkono wa mfinyanzi wa kati ya karne ya 7 na ya 10, wakati miji hii ilikuwa bado ya udongo na makuti. Kikiwa na masizi upande wa nje, kimepika. Kikiwa kidogo, chenye masizi upande wa ndani, fikiria chetezo: pengine humo ulifukizwa ubani, na hapo umetoka jikoni umeingia kwenye dua.

Ukingo ukiwa wa rangi ya maziwa yaliyoingia chai, laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha, hicho kimetoka Ghuba ya Uajemi au Uarabuni. Ukiwa mweupe au wa kijivu, umekaza kama kioo, hicho ni cha China, au cha Ulaya, na hapo ndipo watu wanapojiaibisha, kama nilivyojiaibisha mimi. Nitafika huko.

Wataalamu wengine hugusa kigae kwa ulimi: udongo wenye vinyweleo hunata, kauri, yaani kile kilichokaza kama kioo, hainati. Mwana wa ndugu yangu, ambaye siku hizi ndiye anayenishikia kamba, aliiona hiyo akaipenda mno, akawa analamba kila kitu mpaka mawe. Mimi natumia tone la maji kidoleni. Udongo hulinywa mara moja. Kauri hulikataa, tone likakaa juu limejikunja kama lulu. Na maji hayo hayo hufufua rangi iliyokufa kwa vumbi.

Rangi basi, kwa haraka. Utando, yaani ile ngozi ya kung'aa iliyopakwa juu ya chombo, ukiwa mzito wa zumaridi iliyochanganyika na samawati, juu ya udongo wa manjano: mitungi ya Ghuba, karne ya 8 hadi ya 10. Mwanaakiolojia Neville Chittick alivipata hapo Manda mjini kwenye miaka ya 1960, lakini Takwa usivitarajie, kwa kuwa mji huu ni wa baadaye sana na wenyewe waliuhama karne ya 17. Mistari myeusi juu ya manjano: Yemen, karne ya 14. Buluu juu ya nyeupe, mchoro wa brashi: mara nyingi Jingdezhen, China. Na ile ya kijani, seladoni, ambayo rangi yake ni ya maji ya mkondo wa mikoko mchana kukiwa hakuna upepo, nyingi ni kazi ya matanuri ya Longquan, China. Kipate kitako chake: ile duara ya chini ambayo utando haukuifika huwa imegeuka nyekundu kama kutu kwa moto wa tanuri. Kitako kinasema kuliko ubavu wote. Mimi nikiambiwa nichague kipande kimoja cha bakuli, nitachagua kitako.

Aibu yangu ilitokana na kitako. Nilikuwa kijana, nina kipande cha bakuli chenye maua mekundu na ya kijani, nikawa nawaambia abiria kwamba ni cha mfalme wa China. Nilisema hivyo miezi, kwa sauti kubwa. Siku moja bibi mmoja mgeni akaomba akione, akakigeuza, akanisomea maandishi ya nyuma taratibu: Maastricht. Uholanzi! Maua yale yalikuwa yamegongwa kwa muhuri, ua moja linarudiwa sawasawa na jenzake, na bakuli kama hizo zililetwa pwani kwa wingi kuanzia karne ya 19. Marehemu bibi yangu alikuwa akilia wali humo. Kwa hiyo: ua likirudiwa bila tofauti hata ya unywele, punguza sauti.

Kuna alama moja ambayo sijaiona ikielezwa vya kutosha, nayo ni chokaa.

Mwaka juzi kijana wangu aliniita kutoka upande wa ukuta. "Ami, njoo uone, hiki kimeoza." Kilikuwa kipande cha seladoni, ukubwa wa nusu kiganja. Ndani kilikuwa safi, kinang'aa. Mgongoni kilikuwa na gamba jeupe, gumu, lenye chembe za mchanga. Alikuwa ashaanza kulibandua kwa ukucha. Nikamshika mkono. Hakikuwa kimeoza, lile lilikuwa chokaa ya fundi. Bakuli lile halikuvunjikia jikoni. Lilikuwa limepachikwa ukutani, mdomo wake ukiwatazama watu.

Ndiyo maana nasema mgongo usisafishwe. Mafundi wa pwani hii walipachika bakuli za China kwenye mihirabu na kwenye makaburi ya nguzo. Mambrui, kaskazini ya Malindi, nguzo ya kaburi ilivikwa bakuli hizo. Kwingine utakuta mashimo ya duara tu, bakuli zimeng'olewa, na chokaa imebaki na umbo la vitako vyao. Wazee wetu hueleza kuwa jicho la hasidi likija, hunaswa na kile king'aacho kabla halijamfikia mwenye kaburi. Wengine watakwambia ni fahari tu, tajiri ajulikane hata amelala. Mimi naona yote mawili yanakaa kwenye kaburi moja bila kugombana. Aliyelifinyanga kule Longquan alilikusudia chakula. Huku likapewa kazi ya kulinda maiti wa Kiislamu.

Na wao walikifanyia cha kwetu vile vile. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea Yongle, mfalme wa China, twiga, na watu wa ikulu wakamwona ni qilin, mnyama wa hadithi zao ambaye hujitokeza enzi ya mtawala mwema. Kwetu yule ni mnyama wa porini, anakula miiba.

Ukishasoma, kirudishe vile vile kilivyolala, upande ule ule. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inakataza kuhamisha vitu hivi, na ukikuta kitu cha pekee, mwambie mlinzi wa pale au Makumbusho ya Lamu, uwaonyeshe ile picha yenye ufunguo. Ile sarafu ya Yongle yenye tundu la mraba, iliyotangazwa mwaka 2013, iliwapa watu mazungumzo kwa kuwa ilijulikana imetoka Manda. Ingekuwa mfukoni mwa mtu ingekuwa shaba ya kuchezea watoto.

Jambo la mwisho ni la adabu. Takwa si mahame matupu. Watu wa Shela huja kwenye lile kaburi la nguzo mara mbili kwa mwaka, kuomba mvua. Ukiwakuta, vua viatu, kaa kando, vigae vitangoja.

Kijana alikilaza kile kipande, gamba la chokaa juu, akasimamisha kijiti kando yake kwa ajili ya mlinzi. Maji yalikuwa yashaanza kutoka. Tukazima mashine tukatoka kwa pondo.