Kujenga misuli bila kuota kitambi: chakula na mazoezi kwa mkazi wa Dodoma

Wanaotaka misuli huku tumbo likibaki limekaza huharibiwa na haraka kuliko uvivu. Mwili hujenga nyama mpya kidogo kidogo, na chakula kinachozidi kasi hiyo huishia kuwa mafuta. Kwa hiyo ziada unayohitaji ni ndogo: kalori 200 hadi 300 kwa siku juu ya zile zinazoushikilia uzito wako palepale. Hizo ni kama gramu 70 za unga wa ugali, basi. Anayeongeza sahani nzima kila mlo akidhani anajaza kifua ananunua kitambi.

Kabla ya yote, tafuta mizani na futikamba. Jipime asubuhi ukishatoka chooni, hujala wala kunywa. Kiuno kipime usawa wa kitovu, ukiwa umetoa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Kikizidi nusu ya urefu wako (kwa mtu wa sentimita 170, zaidi ya 85), usianze na ziada. Punguza kalori 300 kwa siku, shikilia protini kama ilivyoelezwa hapa chini, na nyanyua vyuma. Kama ndiyo kwanza unaanza mazoezi, misuli itaongezeka hata hivyo, kwa sababu mwili una akiba ya mafuta ya kutumia.

Hesabu ya sahani

Chukua mtu wa kilo 70 anayeshinda ofisini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na kupiga tizi mara tatu kwa wiki. Zidisha uzito kwa 33: karibu kalori 2,300 za kumweka palepale. Ongeza 250, ziwe 2,550. Protini ni gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya mwili, kwa 1.8 anahitaji gramu 126. Mafuta gramu 70. Kinachobaki ni wanga, karibu gramu 350, na wanga huo usiuogope, maana ndio unaokupa nguvu ya kunyanyua.

Kwa chakula cha sokoni Majengo au Sabasaba, siku moja inaweza kuwa hivi:

- Asubuhi: uji wa uwele (unga gramu 60) uliopikwa kwa maziwa mililita 300, na mayai matatu ya kuchemsha. Kalori 620, protini gramu 34.
- Mchana: ugali wa mtama (unga gramu 150), kuku asiye na ngozi gramu 120 baada ya kuiva, na mlenda uliotiwa karanga za kusaga gramu 20. Kalori 835, protini gramu 55.
- Saa moja hivi kabla ya mazoezi: ndizi mbivu mbili, kalori 200. Msimu wa zabibu ukifika, bakuli la zabibu mbichi linafaa badala yake. Zile kavu zipime, gramu 100 tu zina karibu kalori 300.
- Usiku: wali (mchele mkavu gramu 120), kikombe cha maharage yaliyoiva, dagaa wakavu gramu 30, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti. Kalori 880, protini gramu 40.

Unga na mchele pima vikiwa vikavu. Ugali ukishasongwa una maji mengi, na tonge haliwezi kukuambia umekula unga kiasi gani. Siku ambayo perege wa Mtera wapo, mchukue badala ya kuku, ila umchemshe au umwoke.

Mafuta ya kupikia ndiyo yanayoharibu hesabu za wengi. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120, na mboga ya kukaanga kwa mama ntilie inaweza kubeba vijiko vitatu bila wewe kuona. Mwombe akuwekee maharage yasiyoungwa, au nyama ya mchuzi akiondoa mafuta ya juu. Ugali wa uwele kwa mlenda, chakula cha Wagogo cha miaka yote, unafaa kuliko chipsi mayai karibu kwa kila kipimo: unashibisha, una nyuzinyuzi, na mlenda wenyewe ni mwepisi mno kwa kalori. Kinachopungua ni protini, ndiyo maana tumeongeza kuku.

Karanga ni nzuri lakini ni nzito: gramu 100 zina karibu kalori 570, na zinaisha mkononi ukiwa unaongea na simu. Zichambue kabla ya kula. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe, kwa kuwa kukaanga hakuondoi sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, kwa hiyo unga nao nunua ule uliotokana na nafaka kavu iliyohifadhiwa vizuri.

Vyuma

Bila vyuma, ziada yote hiyo ni bure. Siku tatu kwa wiki, mwili mzima: kuchuchumaa na chuma mgongoni, kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi, kuvuta chuma kuelekea tumboni, kuinua chuma kutoka sakafuni, na kusukuma juu ya kichwa. Kila zoezi seti (mizunguko) tatu za marudio 8 hadi 12, mapumziko dakika mbili au tatu. Acha pale unapoona yamebaki marudio mawili kabla ya kushindwa. Ukifikisha 12 kwenye seti zote tatu, ongeza kilo 2.5 wiki inayofuata. Andika kwenye daftari. Asiyeandika hurudia uzito uleule miezi sita na kulaumu chakula.

Kukimbia, na kiasi chake

Hapa watu hugawanyika. Wengine wanaacha kabisa kwa hofu ya kupoteza misuli, wengine wanakimbia kila siku kuchoma walichokula. Wote wanakosea. Vipindi viwili au vitatu kwa wiki vya dakika 25 hadi 35 vinatosha: moyo unaimarika, pumzi kati ya seti inarudi upesi. Mwendo uwe ule unaoweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Kutembea haraka kupanda miinuko ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kunatosha kabisa, tena kunayahurumia magoti.

Usikimbie siku ya kuchuchumaa na chuma kizito. Ikibidi, nyanyua kwanza, kisha ukimbie baada ya kupita muda wa saa sita au zaidi. Mbio ndefu kabla ya vyuma zinaacha miguu mizito na uzito wa chuma unashuka. Uchovu huo ndio wengi huuona kama kupotea kwa misuli.

Toka saa 12 asubuhi, kabla jua halijapanda. Hewa ya Dodoma ni kavu na ina upepo, jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo mtu hudhani hajapoteza maji. Jipime kabla na baada ya kukimbia: kila kilo iliyopungua ni maji, kunywa lita moja hadi moja na nusu taratibu katika saa zinazofuata.

Kusoma namba

Jipime kila asubuhi, chukua wastani wa siku saba, linganisha wiki na wiki. Kwa kilo 70, ongezeko la gramu 175 hadi 350 kwa wiki ni zuri. Wiki ya kwanza uzito unaweza kuruka kilo moja au zaidi. Ni maji na wanga uliohifadhiwa kwenye misuli, usipunguze chakula.

Wastani usiposogea wiki mbili, ongeza gramu 40 za unga kwa siku. Kiuno kikiongezeka sentimita mbili huku daftari la vyuma halisogei, toa kijiko kimoja cha mafuta na uangalie wikendi: chupa mbili za soda na nyama choma yenye mafuta zina kalori sawa na ziada ya siku kadhaa. Kiuno kikipanda lakini vyuma navyo vinapanda, punguza gramu 40 za unga tu.

Usingizi uwe saa saba hadi tisa. Kreatini (kirutubisho cha unga kinachotumiwa na wanyanyua vyuma) gramu 3 hadi 5 kwa siku inasaidia kidogo na ina ushahidi. Sindano na vidonge vya homoni vinavyouzwa kwa siri jimu viache kabisa, vinaharibu ini, moyo na uwezo wa kuzaa. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kupandisha protini.