Kuchagua matairi na kipimo sahihi cha upepo kwa gari lenye kasi

Mwenye Subaru Impreza WRX, au gari jingine lenye injini ya nguvu, anayetaka kubadilisha matairi hapa Mwanza, aanzie kazi nyumbani kabla hajafika dukani. Afungue mlango wa dereva na kutazama kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango, kwa maana hapo mtengenezaji wa gari ameandika saizi ya tairi na kiasi cha upepo anachokitaka mbele na nyuma. Kwa magari yaliyotoka Japani maandishi huwa ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka. Maneno ya muuzaji, ya rafiki na hata yangu yaje baada ya kibandiko hicho.

Tuseme umekuta 225/45R17 91W. Tairi lina upana wa milimita 225, ubavu wake una kimo cha asilimia 45 ya upana huo, na linavaa rimu ya inchi 17. Namba 91 maana yake ni kwamba tairi moja linabeba kilo 615, na herufi W ni mwendo wa kilomita 270 kwa saa. Hakuna anayepaswa kukimbia hivyo kwenye barabara ya Musoma, lakini herufi hiyo inaeleza pia uwezo wa tairi kustahimili joto, kwa hiyo usikubali herufi ya chini wala namba ndogo kuliko ya kibandiko kwa sababu tu bei imepungua.

Vijana wengi hupenda kupandisha rimu hadi inchi 18. Ukichagua 225/40R18, kipenyo cha tairi hakibadiliki sana, kwani kinaongezeka kwa milimita tatu hivi, lakini ubavu unashuka kutoka milimita 101 hadi 90. Milimita hizo 11 za mpira ndizo zinazoikinga rimu yako unapoingia kwenye shimo usiku kule Igoma au unapopanda njia za mawe za mitaa ya milimani. Kwa maoni yangu, kwa mji wenye miamba kama wetu, inchi 17 inatosha, na fedha iliyobaki inunue mpira bora.

Suala la matairi ya mtumba nalieleza kwa uchungu. Niliwahi kununua matairi manne yenye kashata nene, yaani ule mpira wenye mifereji unaogusa barabara, na moyo wangu ukatulia kabisa. Mvua ya kwanza ya vuli iliponikuta nikiteremka kuelekea Mabatini, nilikanyaga breki nikiwa kwenye mwendo wa kawaida, na gari likateleza hadi likabakiza hatua mbili kumfikia mwendesha bodaboda aliyekuwa amesimama na abiria wake. Jioni ile nilichuchumaa na tochi kando ya gari. Kila tofali la kashata lilikuwa na mistari myembamba mingi kama iliyochanjwa kwa wembe, na ubavuni palikuwa na neno STUDLESS. Yalikuwa matairi ya theluji, yenye mpira laini uliotengenezwa kwa ajili ya barafu, ambao kwenye lami yenye joto huisha upesi na haushiki vizuri kwenye maji. Nayo yalikuwa na umri mkubwa pia.

Umri unasomwa kwenye tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lisizidi miaka 10 hata kama kashata ni nzima, nami kwa gari la kasi sinunui lililopita miaka mitano. Pitisha kidole ubavuni. Ukiona nyufa au uvimbe, liache. Kashata ikifika milimita 1.6, usawa wa vinundu vilivyomo ndani ya mifereji, tairi limekwisha, lakini msimu wa masika nashauri ubadilishe mapema zaidi, ikibaki milimita tatu.

Gari linaloendesha magurudumu yote manne linataka matairi manne ya aina moja yaliyolika sawa, kwa sababu matairi ya vipenyo tofauti huilazimisha difu ya kati, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kufanya kazi muda wote hadi inaungua. Ikiwa gari lako linaendesha magurudumu mawili na fedha inatosha matairi mawili tu, mapya yafungwe nyuma, ili mkia usikukimbie kwenye kona yenye maji.

Sasa upepo. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, nayo si kipimo cha gari lako. Mafundi wengi huichanganya na kujaza PSI 40 au zaidi. PSI na kPa zote ni vizio vya kupimia upepo: kibandiko kikisema 230 kPa, gawanya kwa 6.9 upate PSI 33. Nunua geji yako mwenyewe na upime alfajiri kabla gari halijatembea, kwa kuwa kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka hupandisha upepo kwa takriban PSI mbili. Ukifika Magu ukapima ukakuta 37, usipunguze hata kidogo: huo ni moto wa safari, na ukitoa upepo, kesho asubuhi utakuta tairi liko chini ya kipimo. Upepo mdogo ni hatari zaidi kwenye mvua, kwani tairi hupoteza nguvu ya kuyasukuma maji na gari huelea juu yake katika mwendo wa chini kuliko kawaida. Ukipakia abiria wanne na mizigo kwenda Bukoba, fuata mstari wa mzigo kamili kama kibandiko kinao.

Baada ya mwezi, tazama kashata. Ikilika katikati, upepo umezidi. Ikilika kingo zote mbili, umepungua. Ikilika upande mmoja, gari lipelekwe alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu. Kwa matairi mapya, endesha kwa upole kilomita 300 za mwanzo, na ukishatembea kilomita 100 mwombe fundi akaze nati upya kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, gari likiwa limepoa.