Gauni la sherehe kubwa: jinsi ya kutafuta virai

Dada yangu alimtumia fundi ujumbe: "Nishonee gauni la sherehe kubwa." Likaja gauni la kututosha yeye na mimi. Fundi hakukosea. Sasa mwana wa dada yuko kidato cha tatu, uchanganuzi wa sentensi unamtoa jasho, nami namfundisha kwa gauni hilo hilo.

Kata boksi la sabuni vipande saba, kila kipande neno moja: Fundi / alishona / gauni / la / sherehe / kubwa / jana. Vipange mezani.

Anza na kitenzi. Wengi huanza na nomino wakapotea njiani. Ukishaona "alishona", kilichotangulia ni kirai nomino, yaani neno au kundi la maneno linalosimama kama kitu kimoja, likiongozwa na nomino. Kuanzia hapo hadi mwisho ni kirai tenzi.

Kisha hamisha. "Jana" inakubali kwenda mwanzoni peke yake: "Jana fundi alishona..." Jaribu kuipeleka pamoja na "kubwa" uone sentensi inavyovunjika. Kukaa jirani si kuwa kirai kimoja.

Halafu badilisha. Ondoa "gauni la sherehe kubwa", weka "hilo": "Fundi alishona hilo jana." Imesimama, basi maneno manne yale ni kirai.

Utamu uko ndani ya hayo manne. Weka "arusi" mahali pa "sherehe kubwa", unapata "gauni la arusi". Sawa. Rudisha, sasa weka "vazi" mahali pa "gauni la sherehe": "vazi kubwa". Sawa pia! Basi matawi (mchoro unaoonyesha neno lipi liko chini ya lipi) ni mawili: katika moja "kubwa" linaning'inia chini ya sherehe, katika lingine chini ya gauni. Fundi alichora la pili.

Ukitaka kujua kivumishi ni cha nani, badili kivumishi chenyewe. "Gauni la sherehe refu": gauni ndilo refu. "Gauni la sherehe ndefu": sherehe ndiyo itakayokesha. Upatanisho wa ngeli unakufungia vifurushi bila alama yoyote. "Kubwa" linatuponyoka kwa sababu LI-YA (ngeli ya gauni) na I-ZI (ngeli ya sherehe), katika umoja, hulitumia kwa umbo moja. Hapo tegemea mpangilio: "gauni kubwa la sherehe" halina utata.

"Mjomba, kumbe mama ndiye aliyekosea?"

Nilimwambia achore matawi yote mawili, na daftari alifiche.