Darjeeling: mlima kwanza, hekalu baadaye

Kama uko Darjeeling, mji wa milimani nchini India, na hutaki foleni ya magari ya Tiger Hill, kilima maarufu cha kutazamia macheo, fika uwanja wa Chowrasta nusu saa kabla ya jua kuchomoza, kisha kizunguke kilima cha Observatory Hill kwa miguu kupitia barabara ya Mall, kilima kikiwa mkono wako wa kulia. Ndivyo Wabuddha wanavyozunguka mahali patakatifu. Upande wa kaskazini utauona mlima Kangchenjunga, mita 8,586. Alfajiri hewa ya mabondeni ni baridi na imetulia. Jua likipanda, mvuke nao hupanda, na kufikia saa nne asubuhi mlima mara nyingi umeshafunikwa. Hapo ndipo upande hadi hekalu la Mahakal, kileleni mwa Observatory Hill, ambako Wahindu na Wabuddha huabudu pamoja, jambo zuri mno kulishuhudia. Viatu huvuliwa na sakafu ni ya baridi, hivyo vaa soksi nzito. Chakula kifiche begini. Kima wa pale hunyakua. Juni hadi Septemba, msimu wa mvua, mbinu hii haifai kwani mawingu huweza kukaa siku nzima. Nenda badala yake monasteri ya Ghoom, iliyoanzishwa 1850, ukaone sanamu kubwa ya Maitreya, Buddha ajaye.