Nyumositoma ya sklerosi: namna ya kuitambua kabla hujaiita saratani

Mama wa miaka hamsini na kitu anapigwa eksirei ya kifua kwa ajili ya jambo jingine kabisa, na kwenye pafu kinaonekana kinundu cha mviringo. Hakohoi, hajakonda. Kwetu wazo la kwanza ni kifua kikuu, na si vibaya: makohozi yaende GeneXpert. Majibu yakirudi hasi, neno linalofuata mdomoni mwa kila mtu ni saratani. Hapo ndipo kinyama kinapoletwa kwetu patholojia, na hapo ndipo nyumositoma ya sklerosi, uvimbe adimu wa pafu ambao kwa kawaida si saratani, huwakosesha hata wazoefu. Nawaandikia mnaoanza kukaa kwenye hadubini.

Hatua ya 1: Soma fomu na picha kwanza. Umri, jinsia, eksirei za zamani. Wagonjwa wengi ni wanawake wa makamo, na wengi hawana dalili yoyote. Wachache hukohoa damu kidogo. Kwenye picha ya CT kinundu huwa kimoja, kingo zake laini, mara nyingi karibu na ukuta wa pafu, na kikipewa dawa ya mishipa hung'aa sana. Kama ipo eksirei ya miaka mitatu nyuma, idai. Kinundu kikionekana kimekua taratibu tangu wakati huo, kinakupa nafasi ya kufikiri. Ila picha peke yake haitoshi kutoa jina.

Hatua ya 2: Kata vizuri. Formalini (dawa ya kuhifadhi kinyama) ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa kinyama, na uvimbe upasuliwe katikati ili dawa iingie. Ndani utaona rangi ya kijivu au manjano yenye madoa ya damu. Chukua vipande kutoka kila rangi unayoiona. Anayechukua sehemu nyeupe ngumu tu atajilaumu kesho.

Hatua ya 3: Lenzi ndogo. Tafuta sura nne: vidole vidogo, makovu magumu, seli zilizojazana, na madimbwi ya damu. Uvimbe mmoja kwa kawaida huwa na zaidi ya sura moja. Ni hayo madimbwi yaliyowafanya Liebow na Hubbell, mwaka 1956, wauite hemanjioma, wakidhani chanzo ni mishipa ya damu. WHO ilibadilisha jina mwaka 2015, baada ya kuthibitika kwamba seli zake ni za ukoo wa nyumositi, zile zinazotandika vifuko vya hewa. Kwenye ripoti za zamani jina bado ni hilo la kwanza, usishangae.

Hatua ya 4: Tafuta seli mbili. Hapa usiwe na haraka. Panda lenzi ya 40, simama kwenye kidole kimoja. Juu yake zimejipanga seli kama matofali, baadhi zikiwa na viini vikubwa kidogo. Ndani ya kidole, chini ya hayo matofali, kuna seli za duara, zimetulia, viini vyake vinafanana, nukta za mgawanyiko huzioni au ni chache mno. Jicho lisilozoea huziona za ndani kama tishu ya kujazia tu na kuzipita. Basi linabaki na matofali peke yake juu ya vidole, na hiyo ndiyo sura ya adenokasinoma, aina ya saratani ya pafu. Nami nimewahi kuandika hivyo kwenye rasimu, mwenzangu aliichukua slaidi, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Na hizi za ndani umezipa jina gani?"

Hatua ya 5: Rangi za kingamwili, yaani kingamwili zinazoshika protini maalumu na kuipa rangi ya kahawia. Anza na TTF-1, alama ya viini vya seli za pafu. Viini vya seli zote mbili vitakuwa kahawia. Kabla hujafurahi, angalia pafu lenye afya lililo pembeni ya uvimbe: nyumositi zake nazo lazima ziwe kahawia, la sivyo rangi haikushika, rudia. Kisha weka sitokeratini (AE1/AE3), alama ya seli za epitheli, yaani zinazofunika nyuso: matofali ya juu yatashika, za ndani kwa kawaida hazishiki. EMA, alama nyingine ya seli za epitheli, hushika zote. Kama unahofia kasinoidi (uvimbe mwingine wa pafu), alama zake, sinaptofisini na kromogranini, zitabaki hasi. Maabara yenye bajeti ya rangi mbili tu ianze na TTF-1 na sitokeratini. Tofauti yao inasema karibu kila kitu.

Hatua ya 6: Ukiletewa kipande kidogo. Sindano huchota sura moja kati ya nne, na kinyama kikigandishwa wakati mgonjwa yuko mezani, viini vyake huharibika. Usikubali kusukumwa na simu ya chumba cha upasuaji. Jibu langu huwa: "Ni uvimbe wa seli za pafu, sioni uhakika wa saratani, subirini parafini," yaani slaidi za kawaida zinazokatwa baada ya kinyama kuwekwa kwenye nta. Daktari wa upasuaji akisikia hivyo anaweza kutoa kinundu na kingo zake badala ya kuondoa sehemu kubwa ya pafu.

Hatua ya 7: Ripoti. Andika jina, ukubwa, kama kingo ziko safi, na kwamba kuutoa wote kwa kawaida ndiyo tiba. Mara chache sana seli za uvimbe huonekana kwenye tezi za limfu. Ziandike, kisha mpigie simu daktari mwenyewe umweleze kwamba kwenye uvimbe huu hilo halijaonekana kufupisha maisha ya wagonjwa. Akisoma "tezi" kwenye karatasi bila maelezo, atamwandikia mama yule dawa za saratani.