Darubini inayotoka na kurudi: kuchagua vishikizo vya bunduki ya nyati

Kabla hujatoa hata shilingi kununua vishikizo vya darubini, ivue darubini uliyonayo. Funga macho, inua bunduki begani kama unavyoinua siku zote, laza shavu kwenye kitako, kisha fungua macho. Je, tone la kilengeo cha mbele limekaa lenyewe ndani ya mkato wa kile cha nyuma? Kama unalazimika kukandamiza shavu au kuinamisha shingo ili ulione, kitako chako kimechongwa kwa ajili ya darubini peke yake. Kamwone fundi kwanza, kwa sababu darubini itakapotoka hutakuwa na kitu cha kulengea.

Naanzia hapo kwa sababu wengi huniuliza tu kuhusu pete zinazoshika darubini na vikono vya kuzifungia. Mimi hutunza bunduki kwenye kampi ya uwindaji wa kibali. Muda mwingi tuko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, na mara nyingine tunateremka kwenye mafunjo ya mto Mayanja kufuata nzohe, yule swala wa kwenye maji. Sehemu hizo mbili zinadai macho tofauti kabisa. Mayanja umekaa juu ya jukwaa la miti alfajiri, mwanga bado mchanga, nzohe anajitokeza ukingoni mwa mafunjo ukiona kichwa na kipande cha mgongo. Bila darubini hapo usifyatue. Karamoja nyati aliyejeruhiwa ameingia kwenye miiba, wafuatiliaji wameinama mbele yako, afande wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, yuko ubavuni, na kile unachokitafuta huenda kiko hatua kumi na tano. Darubini iliyoachwa kwenye ukuzaji mkubwa itakujazia jicho manyoya meusi, usijue ni bega au ni paja. Mgeni aliyepita Entebbe na bunduki moja yenye leseni anataka aifanyie kazi zote mbili. Vishikizo vya kutoa na kurudisha ni kwa ajili ya mtu huyo.

Baada ya kitako, tazama mgongo wa bunduki yenyewe, maana ndio unaoamua utanunua nini. CZ 550 na Brno ZKK 602 zina reli ya milimita 19 iliyochongwa kwenye chuma cha bunduki, na pete zake hubana hapo moja kwa moja. Ruger M77 ina makato yake pekee, inataka pete zilizotengenezwa kwa ajili yake. Mauser 98 na Winchester 70 hutobolewa matundu, halafu kikalio kinafungwa kwa skrubu, na pete hukaa juu ya kikalio. Kwa bunduki ya risasi nzito, ya .375 H&H kwenda juu, ulizia unene wa skrubu hizo. Zile nyembamba ziitwazo 6-48 zina takriban milimita 3.5, zile za 8-40 zinapita kidogo milimita 4. Teke la bunduki nzito hujaribu kukata skrubu kila unapofyatua, na tofauti hiyo ndogo ni ya maana. Fundi mzuri anaweza kupanua matundu. Mpe kazi hiyo bila kusita.

Kikalio kiwe cha vipande viwili, na kiwe kifupi. Ile reli ndefu ya mtindo wa kijeshi, Picatinny, inayofunika mgongo wote inapendwa sana siku hizi, na kwa bunduki ya shabaha sina ugomvi nayo. Kwa bunduki ya nyati siitaki. Inabana nafasi ya kuingizia risasi kwa vidole, na darubini ikishatoka, reli inabaki imesimama mbele ya jicho lako ikiziba kilengeo cha nyuma. Vilevile kataa zile pete ndefu zenye tundu la kuchungulia chini ya darubini. Zinainua darubini mpaka shavu linaning'inia hewani, na vilengeo unaviona kama kupitia bomba.

Sasa aina zenyewe. Za kawaida ni zile zenye kikono ubavuni. Warne na Talley hubana pete kwenye kikalio kwa kikono kinachozungushwa. Leupold QR ina kijiti chini ya pete kinachotumbukia kwenye tundu la kikalio, kisha kikono kinakifunga. Wajerumani wana njia zao: EAW, ambayo darubini nzima huzungushwa kuelekea pembeni mpaka mguu wa mbele unaachia, na ile ya zamani ya Suhl yenye kucha za mbele na kitufe cha nyuma. Hiyo ya Suhl ni kazi ya mkono. Fundi huipiga tupa mpaka ikae kwenye bunduki hiyo moja. Ikifanywa vizuri ni tamu mno, lakini huwezi kuihamishia kwenye bunduki nyingine, na ikilegea ukiwa Moroto, huko Karamoja, hakuna wa kukutengenezea. Kwa mtu wa kazi nachagua vikono, vya chuma cha pua au chuma cheusi. Alumini iache kwa bunduki nyepesi.

Vikono vikae upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, mbali na bolti, ile komeo unayoivuta kuingiza risasi. Vikifungwa vilale sambamba na mtutu, ncha zikitazama nyuma, ili tawi la mgunga litelezee juu yake unapopenya. Kikono kilichosimama, mwiba utakishika na kukifungua bila wewe kujua. Na kama kishikizo kinahitaji bisibisi au sarafu ili kifunguke, kirudishe dukani. Vidole vyenye jasho vitoshe.

Darubini yenyewe iwe ndogo. Inayokuza mara 1 hadi 4, au 1.5 hadi 5, yenye bomba la milimita 30 lisilopanuka mbele, inakubali pete fupi kabisa, na ukiirudisha haigongi kilengeo cha nyuma. Jicho likae si chini ya sentimita 9 kutoka kioo. Chini ya hapo bunduki kubwa itakupasua nyusi.

Halafu ijaribu, na hapa usiwe na haraka. Mita 100, bunduki juu ya mifuko ya mchanga, risasi zilezile utakazowindia. Piga tatu. Vua darubini, iweke kando, acha mtutu upoe. Irudishe na upige tatu kwenye karatasi ileile. Rudia mpaka uridhike. Mimi nakubali kama kitovu cha kila kundi la matundu matatu hakijahama zaidi ya sentimita 3. Likihama zaidi, kwa nyati wa karibu bado utaishi, lakini usiende nayo kwa nzohe. Unaporudisha, sukuma darubini mbele, kuelekea mdomo wa mtutu, ndipo ufunge vikono. Bunduki hurudi nyuma kwa kishindo, darubini kwa uzito wake hubaki, kwa hiyo kishikizo lazima kiwe kimeshaegemea ukingo wa mbele wa mkato. Usipokisukuma, risasi ya kwanza itakisukuma yenyewe na shabaha itahama. Chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha ukivuka kikono na pete, uone kila mara kama umekaza kiwango kilekile. Usikaze kwa koleo.

Vumbi la Karamoja ni adui mkubwa kuliko mvua. Punje moja ya mchanga chini ya pete inatosha kuharibu yote uliyojaribu, kwa hiyo brashi ndogo ya meno ikae mfukoni, ipitishwe kwenye kikalio na kwenye pete kila unaporudisha. Mafuta usiweke hapo, yanashika vumbi.

Siku hiyohiyo ya majaribio, sogea mita 50 na upige kwa vilengeo vya chuma, kwa risasi zilezile. Wengi huviamini tu kwa vile vilitoka kiwandani navyo, kumbe vinapiga juu au kando. Kisha amua nani atabeba darubini ikishatoka: mfuko wenye sponji, vifuniko vya vioo, mfuatiliaji mmoja anayejua kwamba ni kazi yake. Mwonyeshe kabla hamjatoka kambini, na muifanye mara kadhaa pamoja, wewe ukifungua bila kutazama na macho yako yakiwa kichakani, yeye akipokea.