Jinsi ya kuchora ramani ya awamu za sumaku katika fuwele ya MnSi

Anayeanza kuchunguza fuwele kairali, yaani zile ambazo mpangilio wa atomi zake hauwezi kulaliana na taswira yake ya kiooni, aanze na MnSi, kiwanja cha manganisi na silikoni. Kasoro hiyo ya ulinganifu huzaa mwingiliano wa Dzyaloshinskii na Moriya, ambao huzipindisha kidogo kidogo sumaku za atomi zilizo jirani, hata chini ya kelvini 29 hivi zikajipanga kama kamba iliyosokotwa, kila mzunguko ukiwa na urefu wa takriban nanomita 18.

Chagua sampuli yenye umbo la tufe au mchemraba, kwa kuwa katika kipande bapa kinachokabili uga wa sumaku, uga wa ndani huwa mdogo kuliko unaosomwa kwenye mashine, na mipaka yote itaonekana imehama. Kwa kila halijoto, pasha kwanza sampuli kupita kelvini 30, ipoze bila uga, isubiri itulie, kisha ongeza uga kwa hatua za militesla chache huku ukipima mwitikio wake wa kisumaku kwa uga geu mdogo, yaani uga unaogeuza upande mara kwa mara.

Kwenye halijoto za chini, karibu na tesla 0.1 mwitikio hupanda, maana kamba zile zilizosokotwa zimegeukia uga na kuingia awamu ya koni, ambamo sumaku huinamia uga huku zikiendelea kuuzunguka. Karibu na tesla 0.6 huporomoka, sumaku zote zikiwa zimeelekea upande mmoja. Sehemu inayodai subira ni chini kidogo ya kelvini 29, kwa upana wa kelvini moja au mbili tu, ambako karibu na tesla 0.2 mwitikio hushuka, hutulia, kisha hupanda tena. Bonde hilo ndilo awamu ya skirmioni, yaani vizingo vidogo vya sumaku vilivyojisokota na kujipanga kwa safu, na anayeruka hatua kubwa hulipita bila kuliona. Linganisha pia mwitikio huo na mteremko wa grafu ya usumaku dhidi ya uga: kingoni mwa bonde mteremko huwa na vilele ambavyo uga geu hauvionyeshi, kwa sababu mpito hapo ni wa daraja la kwanza, yaani awamu moja huiachia nyingine nafasi kipande kwa kipande, na hufanyika polepole.

Uthibitisho hutoka kwa nyutroni. Mwaka 2009 watafiti wa Munich, wakitumia kinu cha nyuklia cha Garching, waliuelekeza mwali sambamba na uga, nayo madoa sita yakajitokeza, alama ya skirmioni zilizojipanga kwa pembe sita. Awamu ya koni haitoi madoa hayo katika mkao huo. Mwali ukipita kukingama uga, awamu hiyo ya koni hutoa mawili tu, kwenye mstari wa uga wenyewe.